Miembe ya avenyu yetu Katuba: ikatwe au iachwe?

Mwana Katuba: Ndugu zangu wa Lubumbashi, mwenye parseli (kiwanja) ya kona anataka kukata miembe yote mitatu ajenge maduka. Wazee wa avenyu hukaa pale tangu saa tano mpaka jua lipoe. Mimi nakataa. Oktoba hii, kabla ya mvua, nyumba ya mabati bila dari ni tanuru. Na mtu akizeeka jasho lake hupungua, hata kiu haisikii mapema. Waende wapi? Semeni.

Fundi wa Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi): Mti uko ndani ya parseli yake, ni mali yake. Tena tuseme kweli: wale papa (wazee) hawafuati kivuli, wanafuata lutuku, ile pombe kali.

Binti ya Mzee: Lutuku?! Baba yangu anakaa pale. Amefanya kazi mgodini mpaka kifua kimeharibika, sasa anameza dawa za presha zinazomkojoza maji yote. Pombe haonji. Wanacheza kisolo, ule mchezo wa bao! Omba msamaha.

Fundi wa Kenya: Baba yako sikumtaja. Nasema ninachoona nikipita saa saba. Zile chupa ni za maji?

Binti ya Mzee: Ndiyo, za maji! Naijaza mwenyewe ya baba kila asubuhi.

Msomi Kamalondo: Tulizeni roho. Miembe hiyo si ya mtu. Nadhani ilipandwa na Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, mji wetu ukiitwa bado Élisabethville.

Fundi wa Kenya: Jina hilo liliondoka 1966. Leo tuzuiwe kujenga kwa ajili ya Wabelgiji?

Papa Ruashi: Msomi, Katuba haikuwa kambi ya Union Minière. Miembe ya parseli walipanda wazazi wetu wenyewe, kwa kokwa za maembe waliyokula.

Msomi Kamalondo: Sawa papa, lakini kampuni nayo ilipanda miti mingi mjini.

Mama Mapendo: Toka asubuhi lutuku, Union Minière, lutuku. Mama zetu wa umri uleule wako wapi? Wako juani pembeni ya barabara, wanauza makala na matembele. Viti vya kivulini vyote wamekalia papa.

Papa Ruashi: Mama, nani amewakataza kukaa?

Mama Mapendo: Hakuna. Ila mama akikaa kidogo tu, mnamwuliza bukari (ugali) iko wapi.

Binti ya Mzee: Hapo mama umesema. Mama yangu hajawahi kukaa pale hata siku moja.

Mwana Katuba: Jamani, miti itakatwa tukiwa tunagombana! Jumamosi twende kwa shefu wa avenyu. Tuombe mwembe ulio ukingoni ubaki, maduka yaanzie nyuma yake. Mama Mapendo, njoo na mama wa sokoni, nao wapate viti. Fundi, wewe unajua kupima, njoo na futi yako.

Fundi wa Kenya: Kupima nitapima. Lakini nisiitwe adui wa wazee.

Binti ya Mzee: Kwanza msamaha.