Naomba ushauri: mtoto kaandikiwa MRI ya goti, tuko Kigoma

Habari zenu wakuu. Binti yangu ana miaka 6. Mwaka jana alianguka mwembeni huku Ujiji, akavunjika juu kidogo ya goti, akafungwa P.O.P na mfupa ukaunga. Sasa mguu ule unapinda kwa ndani, hata soli ya kiatu inalika upande mmoja.

Daktari wa mifupa anasema eksirei inaonyesha mfupa, lakini gegedu la ukuaji, pale mfupa unaporefukia, halionekani vizuri. Anahofia sehemu yake imegeuka mfupa, hivyo upande mmoja umesimama na mwingine unaendelea kukua. MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, ndiyo itaonyesha hicho kizibo cha mfupa kiko wapi na ni kikubwa kiasi gani, ndipo waamue kama wakitoe au wasubiri. Mionzi ya eksirei haina, hilo limenipa amani.

Kinachonitatiza: ametuandikia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, na mtoto anatakiwa alale bila kutikisika nusu saa au zaidi, mashine inagonga kelele. Wangu huyu hata kusukwa nywele ni vita! Naambiwa wadogo hupewa dawa ya usingizi. Aliyepitia anisaidie: mzazi anaruhusiwa kukaa naye ndani? Bima inalipia na hiyo dawa, au ni mfukoni? Kuna aliyefanyia Mwanza, ambako ni karibu zaidi?

Halafu shemeji anasisitiza tuanze kwa mganga wa viungo. Mimi sitaki mtu akandekande goti hilo kabla ya picha. Mnaonaje?