Nihamie Nakuru au nikae Kisumu? Fundi stima naomba ushauri

Jamaa_wa_Kondele:
Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi stima, nina stashahada na leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi. Tangu mwaka jana naishi kwa vibarua: leo napitisha waya kwenye nyumba Mamboleo, kesho nashinda Kondele nikingoja simu ya mkandarasi. Mjomba wangu aliye Nakuru ananiambia niende, eti mjengo umejaa tangu pawe jiji 2021. Binamu yangu anayesomea uchumi naye ananicheka: ukosefu wa ajira Kenya ni asilimia tano hivi, kwa hivyo shida ni mimi. Nina mke na mtoto mmoja, na kodi ya hapa naimudu. Nifunge virago ama nitulie?

Mwalimu_wa_Hesabu:
Binamu ameshika nambari akaacha maana. KNBS, shirika la takwimu la taifa, wanakuhesabu una kazi ukifanya hata saa moja ya malipo katika wiki wanayoulizia. Siku yako ya Mamboleo ilitosha kukutoa kwenye orodha ya wasio na kazi. Ukichoka kutafuta ukakaa nyumbani, pia huhesabiwi. Tazama 2020: robo ya pili, Korona ilipofunga kila kitu, kiwango kilikuwa asilimia 10.4, robo ya mwisho kikawa 5.4. Nani hapa aliona kazi zikirudi kwa kasi hiyo? Watu walishika chochote. Mwaka 2023 nchi ilipata ajira mpya kama 848,000, na takriban 720,000 kati yake ni za jua kali. Wewe uko humo tayari, ndugu. Tena hizo ni hesabu za nchi nzima, hazikuambii Kisumu inakwendaje.

Kijana_wa_Shabab:
Mjengo upo hapa Nakuru, sikatai. Pita Kiamunyi uone. Lakini mafundi nao wamemiminika, na viwanda vilivyokuwa vikimlipa fundi kwa mwezi vimepungua. Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri hapa 2014. Ukitaka kazi ya kudumu, angalia Naivasha: mashamba ya maua yana pampu na vyumba vya baridi, Olkaria kuna mitambo ya mvuke. Ila usidhani Naivasha ni mtaa wa pili kwa sababu ni kaunti moja. Ni karibu kilomita 70 kutoka mjini, hutalala kwa mjomba.

OtaJua:
Muulize mjomba: ni njoo kazini, ama njoo nyumbani?

Mama_Pendo:
😂 Hilo ndilo swali.

Mwanangu, kazi ya fundi hutembea na jina. Hapa unajulikana, kule utaanza kwa kumshikia mwenzako ngazi. Mimi nina vyumba vya kupangisha Nyalenda, na kila wiki kuna soketi imeungua ama mpangaji amejiunganishia stima kiholela. Kumpata fundi anayerudi akiitwa ni kazi. Waendee wenye ploti, hoteli ndogo, zahanati, uwaombe matengenezo ya kila mwezi. Pesa ni kidogo, lakini mjengo husimama mwenye nyumba akikosa mkopo. Stima ikiharibika, hakuna anayesubiri benki.

Kijana_wa_Shabab:
Mama, na wakikataa kulipa? Wenye ploti tunawajua.

Jamaa_wa_Kondele:
Asanteni. Mjomba nimempigia: ni njoo nyumbani. Hamjui mkandarasi hata mmoja. Barua za Naivasha nitatuma nikiwa hapa hapa, na sitahamisha familia kabla sijaitwa. Mama Pendo, shikamoo. Hao wenye ploti nikubaliane nao vipi nisizungushwe?

Mama_Pendo:
Marahaba. Andikianeni, hata kwa ujumbe wa simu. Malipo yawe tarehe tano ama sita, kodi ikishaingia. Vifaa anunue mwenyewe, pesa yako isiguse hata balbu. Kazi kubwa kama kubadilisha waya wa nyumba nzima haimo humo, hiyo mnaelewana kando.