Naomba ushauri: nawalea kibiashara wamama waliopoteza mitaji kwenye mafuriko, niendelee kuwapa hela au niwafundishe tu?

Mhasibu_Tabata

Habarini wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho maana jambo lenyewe linaninyima usingizi.

Mimi ni mdada, nafanya uhasibu mjini, naishi Tabata. Masika iliyopita mto Msimbazi ulivyofurika tulikusanyana watu sita tunaojua mambo ya biashara, tukasema tusiishie kugawa unga na nguo, tuwasaidie wamama wa huku Kigogo na Mchikichini wasimamishe tena biashara zao. Kila mtu akachukua wamama wachache wa kuwalea, bure, jioni na wikiendi. Mimi ninao watano, wawili mama lishe, mmoja ana genge, mmoja anashona, na wa tano anakaanga chapati asubuhi. Huyu wa tano ndo kanileta hapa, nitamwita Mama Chapati.

Maji yalivyoingia usiku alitoka na watoto watatu na chuma cha kukaangia basi. Ngano nusu mfuko ilikuwa uvunguni ikawa uji. Siku ya kwanza naenda kwake nilimkuta kaanika daftari la wadeni juani, kurasa zimegandana, anazibandua moja moja kwa ncha ya kisu ili asome nani anadaiwa shilingi ngapi. Na mimi kwenye begi nimebeba fomu ya mpango wa biashara kurasa nane. Sikuitoa.

Sasa ili aanze tena alikopa laki na nusu kwa hawa wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, anarejesha elfu 7 kila siku kwa siku 30. Mkataba hana, wamemuandika tu kwenye daftari na kitambulisho chake cha NIDA wamekishika. Saa nne asubuhi kijana anafika na bodaboda kufuata rejesho, awe ameuza asiwe ameuza.

Nimemfundisha kuandika na anaandika vizuri tu. Ngano kilo 5 elfu 10, mafuta 8,500, mkaa 3,000, chumvi na sukari 500, jumla 22,000. Anatoa chapati 65, kwa 500 ni 32,500. Faida 10,500, akitoa rejesho anabaki na 3,500. Ni kidogo lakini kwenye karatasi anatoka. Ila kila ikifika Ijumaa simu inaita, "mwanangu, ngano ya kesho sina". Nimeshampa mara tatu, elfu 70 jumla, na mimi mwenyewe mshahara wangu ni wa kuhesabu. Wenzake wamejua, sasa nikifika ni habari za hela tu, daftari hakuna anayefungua.

Nifanyeje? Nimkatie, nimlipie deni lote liishe, au mimi ndo sijui kufundisha?

Mzee wa Buguruni

Mdogo wangu hongera kwa moyo. Hela acha kutoa kuanzia leo, na sikwambii kwa roho mbaya. Ukishakuwa mfadhili hakuna atakayekuonyesha hesabu ya kweli, watakuonyesha shida, maana shida ndo inalipa. Kama kikundi chenu mnataka kuwapa mtaji itoke kwenye mfuko wa wote na ashike mtu mwingine kabisa, wewe ubaki na daftari. Na uwaambie wote watano siku moja, wakiwa pamoja, asije mmoja akaona kanyimwa yeye.

fundi_mikopo

Nimefanya kazi ya mikopo miaka mingi, naongea ninachokijua. Laki na nusu arudishe 210,000 ndani ya mwezi, hiyo ni riba ya asilimia 40 KWA MWEZI. Kanuni za BoT, yaani Benki Kuu, kwa wakopeshaji wa daraja la pili (wanaokopesha bila kupokea amana) ni isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani kwa mkopo wa mama huyo ni 5,250. Mpime tofauti wenyewe. Nenda naye mkaulize leseni ya BoT, wakianza kuzungukazunguka mmeshajua. Na kitambulisho cha NIDA sio dhamana, hawana haki ya kukishika, kapigeni ripoti serikali ya mtaa mtendaji aandike barua. Usimlipie deni kimya kimya, ukilipa wiki ijayo atarudi palepale maana mlango anaujua. Uwakataze pia ile mikopo ya kwenye simu, Novemba 2024 BoT walitangaza aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni, na wengine ukichelewa wanatuma meseji kwa ndugu zako wote.

Baadaye, sio leo, waundieni kikundi. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, imerudi toka 2024, wanawake fungu lao ni asilimia 4 ya mapato hayo, haina riba, na wanawake watano wanatosha kikundi. Unao watano hao hao. Waanze kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ila usiwaahidi haraka, inachukua muda na sio hela ya kuzimia moto.

mama_vitumbua

Da mhasibu samahani nikuulize kitu kimoja, watoto watatu asubuhi wanakunywa chai na nini?

Mhasibu_Tabata

Na chapati nadhani.

mama_vitumbua

Ndo hapo sasa. Mimi nimekaanga vitumbua miaka 11 na mtaji umenikatikia mara mbili kwa hicho hicho. Watoto wake, jirani aliyemuhifadhi kipindi cha maji, shemeji akipita, ziweke kumi tu kwa siku. Zinabaki 55, ni 27,500. Toa 22,000 inabaki 5,500. Kijana wa bodaboda anataka 7,000. Kila siku anatoa 1,500 kwenye mtaji na hajui inaenda wapi, Ijumaa ngano itapatikana wapi? Hajakudanganya, kakuandikia alichokaanga sio alichouza. Na usimwambie watoto wasile!! Mwambie nyumba inunue. Kopo pembeni, chapati ikienda nyumbani gharama yake kama 350 inaingia kwenye kopo toka hela ya matumizi, hata kama hela zote ni zake. Afu nenda ukakae naye mezani, alfajiri, usiwe unakwenda jioni kusoma daftari.

viungo_kkoo

Mimi niliunguliwa Kariakoo Julai 2021, meza yangu ya viungo ilibaki majivu. Watu wengi walikuja kutupa pole na wengine semina, nawashukuru wote, lakini aliyeniinua ni baba mmoja mstaafu alikuja kukaa na mimi chini akaniuliza swali moja, kabla ya moto nani alikuwa anakuamini? Nikataja watu wanne. Akasema hao hawajaungua. Tukaenda wote mpaka kwa mwarabu niliyekuwa nachukua iliki na mdalasini kwake, yule baba hakuongea sana, alisimama tu pembeni yangu, mimi ndo nikaongea. Nikapewa mzigo wa laki mbili mali kauli, nauza nalipa, bila riba hata senti. Nilikuwa na aibu ya kwenda peke yangu, ndo kitu watu hawakielewi, ukipoteza kila kitu unajificha mpaka na wale ambao wangekusaidia, unaona bora ukope kwa mtu asiyekujua.

Kwahiyo dada muulize Mama Chapati ngano alikuwa anachukua duka gani. Mfuko mmoja wa mali kauli utamtoa kwenye mdomo wa hao watu kuliko elfu 70 zako.

mwl_hanang

Nyongeza kidogo. Nilikuwa Katesh, kule Hanang, baada ya yale maporomoko ya tope Desemba 2023. Wiki za mwanzo wakaja watu na semina ya ujasiriamali, mama mmoja akanyoosha mkono akaomba ruhusa akaangalie kama ndugu yake amepatikana. Kwa hiyo fomu ulivyoibakiza kwenye begi ulifanya sawa.

Mhasibu_Tabata

Wakuu nimerudi. Jumamosi nilifika kwake saa kumi na nusu alfajiri, nikakaa kwenye kindoo mpaka saa nne na nusu. Nimehesabu kwa mkono wangu. Zilizokwenda bila hela ni 13, mbili kati ya hizo nimekula mimi. Nilivyomuonyesha alinyamaza kidogo akasema "kumbe nakula ngano ya kesho". Kopo tumeweka, la maziwa ya unga, na elfu moja ya zile mbili nimetumbukiza mimi wa kwanza.

Hela nimewaambia wote watano sitoi tena, mmoja amenuna, mama wa genge, nitamfuata taratibu. Duka la ngano lipo Kigogo sokoni, anasema mwenye duka anamjua toka binti yake yuko tumboni ila ana deni la zamani la 18,000 ndo maana anapita njia ya nyuma. Tunaenda wote Jumanne jioni, na kesho yake kwa mtendaji kuhusu kitambulisho. @viungo_kkoo nikuulize, mlipofika dukani ulianza na deni la zamani au ulianza na kuomba mzigo?

viungo_kkoo

Deni la zamani kwanza mdogo wangu. Aende na elfu tano mkononi, aitoe kabla hajaomba chochote.