Anayelala barazani anataka kuacha sigara: tuanzie wapi?

Swali: Wakuu, tunagawa uji asubuhi kwa wanaolala kwenye baraza za maduka Kariakoo. Watano wanataka kuacha sigara. Hununua moja moja, wakikosa hela huokota vipisi. Tuna plasta za nikotini za miligramu 21 na 14, na jojo za nikotini za miligramu 2 na 4. Nani apewe ipi? Mmoja anasema plasta haimsaidii kitu.

Jibu 1: Ukimuuliza sigara ngapi, atakutajia alizonunua tu. Uliza pia vipisi na pafu za kugawana. Zikizidi 10 kwa siku, plasta ya 21 kwa wiki sita, kisha 14 wiki mbili, kisha 7 wiki mbili, kwa hiyo tafuteni za 7 mapema. Zikiwa 10 au pungufu, aanze na 14. Jojo: anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka apewe ya 4, wengine ya 2. Nikotini ya plasta hupanda taratibu mwilini, haiwahi ile hamu ya ghafla. Ndiyo maana huyo anayesema plasta haimsaidii anahitaji vyote viwili, plasta na jojo.

Jibu 2: Naongeza: mwangalieni inapokaa hiyo plasta. Kwa joto la Dar na jasho la kubeba mizigo, inabanduka mchana bila yeye kujua. Futeni ngozi ya mkono wa juu kwa kitambaa chenye maji safi, ikauke kabisa, bandikeni, mkandamize kwa kiganja sekunde 10. Kesho sehemu nyingine. Akiota ndoto mbaya, aibandue akilala.

Jojo nayo haitafunwi kama jojo ya dukani. Atafune mpaka isikike kama pilipili, aiegeshe shavuni, ukali ukiisha atafune tena, kwa nusu saa hivi. Akimeza mate haraka anapata kwikwi na kichefuchefu, halafu anaitupa. Kahawa na soda zinazuia nikotini kupenya mdomoni, hivyo akinywa, apishe dakika 15 kabla ya kutafuna. Wapeni dozi za siku mbili tatu tu, maana mizigo yao huibiwa usiku.

Jibu 3: Kabla ya yote, ulizeni kama kuna anayetumia clozapine au olanzapine, dawa za magonjwa ya akili. Moshi wenyewe, si nikotini, hulifanya ini liziondoe dawa hizo haraka. Akiacha ghafla, dawa hujaa mwilini: usingizi mzito, kuyumba, hata degedege. Daktari wake ajue kabla ya siku ya kuacha. Na jamani, uji msiufanye zawadi ya kuacha. Sigara inaua njaa, mwenye njaa atairudia.