Wimbo wa Mae West unaruka katikati: ni nakala mbovu?

Muulizaji: Wakuu, wimbo "A Guy What Takes His Time" wa Mae West, mwigizaji na mwimbaji wa Marekani, kwenye filamu ya She Done Him Wrong (1933) unaruka. Nitafute nakala nyingine?

Jibu 1: Hapana mkuu, nakala ni nzima. Wimbo ulilalamikiwa kwa maneno ya chumbani, studio ya Paramount iliyotengeneza filamu ikakata beti za katikati, zikabaki za mwanzo na mwisho. Ukiutaka kamili, tafuta santuri ambayo Mae aliirekodi na kampuni ya Brunswick mwaka huohuo, si sauti ya filamu. Msikilize anavyochelewa nyuma ya mdundo, anavuta irabu puani, kisha anaguna. Utamu uko kwenye kuguna huko! Wadhibiti wa filamu wangekata maneno, mguno wangeufanyaje?

Jibu 2: Naongezea: msikilize "My Old Flame" katika Belle of the Nineties (1934), akisindikizwa na bendi ya jazz ya Duke Ellington. Ila angalia lebo vizuri. Santuri ya Ellington ya 1934 imeimbwa na Ivie Anderson, mwimbaji wa bendi hiyo, na wengi hununua wakidhani ni Mae.

Muulizaji: Asanteni sana. Naanza na Brunswick.