Gumzo la ukoo: Juliet kageukia wapi?

Zaina: Shikamooni wakubwa wote. Nimepewa kucheza Juliet hapa chuoni, kwenye tamthilia ya Shakespeare ya Romeo na Juliet. Mwalimu anataka nimwambie huyu binti anaacha utiifu mahali gani hasa. Darasa zima linasema kwenye roshani, mimi sijaridhika.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Kwani si hapo hapo? Usiku wa manane binti anamtaka Romeo, mtoto wa adui wa kwao, amkane babake na jina lake. Ukaidi gani tena unataka 😂

Faridi: Lakini shangazi, hapo hajamkaidi mtu. Anasema peke yake, hajui kama kijana yuko bustanini anamsikia. Kupenda kwa siri si kukaidi.

Mjomba Kassim: Na ndoa je? Kesho yake tu kaolewa kwa Padri Laurence, bila walii, baba hana habari.

Baba Zaina: Bila walii! Kwangu mimi kesi imeisha.

Zaina: Baba jamani 😂

Zaina: Tazameni anavyoanza lakini. Anaitwa, anakuja mbio: "Mama, nipo hapa, wataka nini?" Mama na yaya wanaongea weee, yeye kimya. Akiulizwa habari ya kuolewa anasema hiyo ni heshima ambayo hata hajaiota. Akiambiwa amwangalie Paris, bwana anayemposa, anasema atamwangalia, ila jicho lake halitavuka pale mama aliporuhusu. Yaani hata kutazama ni kwa ruhusa.

Shangazi Rehema: Ana miaka mingapi vile?

Faridi: Hajatimiza 14. Atatimiza mkesha wa Lammas, sikukuu ya mavuno, yaani 31 Julai. Kwenye utenzi wa Arthur Brooke wa 1562, ambao Shakespeare aliutumia, binti alikuwa anakaribia 16. Shakespeare ndiye aliyempunguzia.

Mjomba Kassim: Mtoto kabisa. Hata Sheria yetu ya Ndoa hapa Tanzania ya 1971 ilianzia 15 kwa ridhaa ya mzazi, na bado Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba hiyo inakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani wakakubali 2019.

Baba Zaina: Kassim, mahakamani tutakwenda siku nyingine. Mimi namtetea mzee Capulet, babake Juliet, kidogo. Paris alipokuja kuposa mara ya kwanza, mzee alimwambia subiri viangazi viwili vipite. Na akamwambia kambembeleze mwenyewe, maana ridhaa yangu ni sehemu tu ya ridhaa yake. Wazee wangapi wa mji wao ule wa Verona wangetamka hivyo?

Zaina: Ndiyo maana inauma, baba. Tybalt, binamu yake Juliet, anauawa na Romeo Jumatatu, na usiku uleule mzee anamwahidi Paris harusi ya Alhamisi bila kumuuliza mtu. Juliet anakataa, anapiga magoti. Baba anamwambia vidole vinamwasha, kajinyonge, kaombeombe, ufe njaa barabarani. Mama naye: "Usiseme nami, nimemalizana nawe."

Shangazi Rehema: Basi ndipo hapo. Kasema hapana usoni kwa baba.

Zaina: Bado anabembeleza hapo, shangazi. Anaomba ndoa isogezwe hata mwezi, hata wiki. Bado anategemea kuna mtu mzima atamwokoa.

Bibi (sauti): Mbona mnamruka yaya? Huyo mwanamke alifiwa na mtoto wake Susan, rika moja na Juliet, na ndiye aliyemnyonyesha Juliet. Kwetu huyo ni mama, na kwa mambo ya ndoa ndiye somo wake. Sasa baba kafoka katoka, mama kamwacha pale. Binti anamgeukia somo, nifariji. Somo anamwambia olewa na Paris, Romeo mbele yake ni tambara la vyombo! Na ni yeye huyo aliyepeleka ujumbe kwa Romeo, ni yeye aliyeleta ngazi ya kamba.

Faridi: Na mume yu hai, kafukuzwa Verona tu, yuko mji wa Mantua.

Baba Zaina: Hiyo haramu popote pale.

Zaina: Bibi 🙌 Juliet anamuuliza, unasema kutoka moyoni? Yaya anasema na rohoni pia. Juliet anajibu neno moja tu, amina. Halafu anamtuma bila kupepesa: kamwambie mama nimekwenda kuungama kwa padri, maana nimemuudhi baba. Yaya akishatoka ndipo anamwita ibilisi mkongwe, na kuanzia hapo siri zake hazimhusu tena.

Shangazi Rehema: Mweee.

Zaina: Anarudi kutoka kwa padri na kichupa cha dawa ya kumlaza masaa 42, aonekane kafa. Anampigia baba magoti: nisamehe, tangu leo nitafuata utakalo. Mzee kwa furaha anaisogeza harusi, badala ya Alhamisi iwe Jumatano! Hajawahi kutoa maneno ya utii kama hayo, na hapo ndipo keshawaasi wote.

Mjomba Kassim: Sasa utayasemaje?

Zaina: Nataka nitumie sauti ileile ya "Mama, nipo hapa". Magoti yaleyale. Nisiwakonyeze watazamaji hata kidogo.

Baba Zaina: Ukiwa unadanganya mimi nitajua tu.

Zaina: Umeshanisamehe mara ngapi baba? 😂

Baba Zaina: Zaina.

Faridi: 😂😂 Kaburini je, akiamka na kumkuta Romeo kafa? Padri anasikia walinzi, anamwambia twende nikakufiche kwa masista. Juliet anamwambia nenda zako, mimi sitoki. Mzee anakimbia kweli, anamwacha mtoto na maiti.

Shangazi Rehema: Na ile barua ya padri ya kumjulisha Romeo hila hiyo ilikwama wapi?

Faridi: Tauni. Mpeleka barua alifungiwa kwenye nyumba iliyoshukiwa ina ugonjwa, Mantua hakufika.

Bibi (sauti): Zaina, nani anacheza yaya?

Zaina: Kijana wa mwaka wa tatu, mchekeshaji sana. Enzi za Shakespeare hata Juliet alichezwa na mvulana.

Bibi (sauti): Mwambie vichekesho viishie kwenye ngazi ya kamba. Akifika kwenye tambara, watu wasicheke. Huyo mama anamwonea huruma mtoto, ndivyo anavyodhani.

Zaina: Nitamwambia leo leo, bibi.

Baba Zaina: Onyesho lini?

Zaina: Ijumaa saa 12 jioni. Kiingilio 3,000.

Baba Zaina: Tuma namba ya kulipia. Mimi, mama yako na bibi. Kassim ajilipie.