Soya mbichi kwenye chakula cha vifaranga: mbona hawakui?

MfugajiPongwe
Habari za leo wakuu. Nachanganya chakula mwenyewe hapa Pongwe, Tanga. Kila kilo 50 za chakula cha kuanzia naweka kilo 10 za soya iliyosagwa ikiwa mbichi, badala ya mashudu. Vifaranga wa nyama wana siku 18, wamedumaa, manyoya hayajajaa, kinyesi laini chenye chembe za chakula. Damu haimo. Ni soya? Na magunia mawili yaliyobaki, naweza kumpa ng'ombe wa maziwa?

Mashudu_na_Pumba
Soya ndiyo mshukiwa wa kwanza, ndugu. Soya mbichi ina kizuizi cha tripsini, yaani kinachofunga kimeng'enya kinachovunja protini. Protini inapita tu. Kongosho nalo linazidi kutengeneza vimeng'enya kufidia, na vimeng'enya hivyo vina sistini nyingi, kijenzi kile kile cha protini kinachojenga manyoya. Ndiyo maana unaona manyoya mabaya pamoja na udumavu. Akifa kifaranga mmoja, mpasue: kongosho ni ule ukanda wa waridi uliopachikwa ndani ya kitanzi cha mwanzo wa utumbo mwembamba. Linganisha na la kifaranga aliyekula chakula cha kawaida. La soya mbichi huwa nene waziwazi.

Acha chakula hicho leo, weka mashudu ya soya ya kiwandani, hayo yameshapitia moto. Wataanza kukua tena, ila siku zilizopotea hazirudi. Kutokuona damu pekee hakuondoi koksidiosisi (ugonjwa wa vimelea vya utumbo), kwa hiyo angalia na maranda kama yamelowa.

Soya iliyobaki ipike. Chemsha maji kwanza, mimina soya, na uhesabu dakika 30 kuanzia maji yatakapochemka tena. Chuja, tandaza kwenye turubai tabaka jembamba, geuza mara kwa mara. Kwa unyevu wa pwani hapa ndipo wengi wanaharibikiwa: punje inaonekana kavu nje, ndani bado ina maji, gunia linaota ukungu. Iume kwa jino. Ikivunjika kwa mlio imekauka, ikibonyea irudishe juani. Ukipenda kukaanga, moto wa wastani na usiache kukoroga. Pasua punje: ndani iwe ya dhahabu. Ikiwa kahawia iliyokolea umeunguza laisini (kijenzi cha protini anachokihitaji kuku), na kuku watadumaa vilevile.

Saga ya wiki moja tu. Mafuta yake huchacha upesi kwa joto letu.

Kipimo_cha_Yurea
Naongeza namna ya kupima. Chupa ya jamu yenye kifuniko: vijiko 4 vya soya iliyosagwa, kijiko 1 cha mbolea ya yurea, maji vijiko 5. Koroga, funga, subiri dakika 20, fungua. Ikipiga harufu kali ya amonia, soya haijaiva. Soya mbichi ina kimeng'enya cha yurease, nacho hufa kwa joto linalokaribiana na lile la kuua kizuizi. Pima na soya mbichi pembeni ili pua ijue tofauti. Kipimo hiki hakionyeshi iliyoungua, hiyo utaiona kwa rangi.

Ng'ombe mkubwa anaweza kula mbichi, vijidudu vya tumbo lake la kwanza huvunja kizuizi hicho. Anza na nusu kilo, usizidishe kilo 1 kwa siku kwa sababu ya mafuta. Ndama usimpe. Na TAFADHALI, kama anakula pumba zenye yurea au analamba jiwe la molasi lenye yurea, usimpe soya mbichi kabisa. Yurease itaigeuza yurea kuwa amonia kwa kasi: ng'ombe anatetemeka, anatoa mate, tumbo linajaa, anaweza kufa ndani ya saa chache. Ukiona hayo, daktari wa mifugo aitwe papo hapo.

Matetea_Muheza
Na zile homoni za soya, haziharibu utagaji?

Mashudu_na_Pumba
Hizo ni isoflavoni, dada, genisteini na daidzeini. Zinafanana na estrojeni (homoni ya kike) lakini nguvu yake ni ndogo sana. Madhara makubwa ya uzazi yaliyojulikana ni ya kondoo wa Australia Magharibi miaka ya 1940, waliolishwa majani ya klova (mmea wa malisho), si soya. Kwa viwango vya kawaida vya chakula cha matetea usiiondoe. Hangaikia uivaji wake.